Nilijibu Moja Nikiwa kwa Fundi wa Nguo

Mpendwa Bi Muzna,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana nimeianza mara nyingi nikaichana, na leo nimeamua nitaandika mpaka mwisho bila kurudi nyuma kuisoma, kwa sababu nikiisoma najua nitaichana tena.

Mimi ni binti wa Makorora, babu yangu aliletwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge akabaki, na sisi tumekua watoto wa kanisa, naimba kwaya mpaka leo. Nafanya kazi na mchumba wangu Edgar katika ofisi yetu ndogo, yeye anatengeneza mifumo ya kompyuta na mimi napokea simu, nawafundisha watumiaji, na kila anachokitengeneza nakijaribu mimi kabla hakijatoka. Mwaka huu tulipata kazi ya mradi mmoja wa afya ya mama, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, ya kutengeneza mfumo wa kuwaitia bodaboda wajawazito wa vijiji vya pwani ambako gari la wagonjwa watu wanalisikia tu. Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila kijiji kina mhudumu wa afya wa kujitolea, na kina dereva wa bodaboda aliyefundishwa na mradi na kupewa kizibao cha kung'aa. Mama akishikwa na uchungu, mhudumu anafungua ukurasa wetu kwenye simu yake, anachagua kijiji, anabonyeza, na seva yetu inamtumia dereva meseji. Dereva akijibu moja, kwa mhudumu yanatokea maandishi ya kijani: DEREVA AMEPOKEA, ANAKWENDA. Ni hilo tu, na akina mama wengi wamechukuliwa hivyo wakajifungua salama, na mimi nilikuwa najisikia mtu kati ya watu, nikipita mtaani nawaza kuna watoto wanatambaa huko kwa sababu yetu.

Sasa naomba nikueleze jambo la ndani la kazi yetu, maana bila hilo hutanielewa. Mfumo Edgar anautengenezea kwenye kompyuta yake, lakini watu wanautumia ukiwa kwenye seva, na kuutoa huku kuupeleka kule lazima aukusanye wote, kurasa, picha, mipangilio, aufunge uwe faili moja ambalo sisi tunaliita kifurushi, halafu akipandishe kwenye seva, akifungue, wa zamani uzimwe na mpya uwashwe. Kinachofungwa ndani ndicho kinachofika. Na wakati wa majaribio hatukutaka kuwasumbua madereva kwa meseji za uongo, mtu anaacha abiria wake anakimbilia mama ambaye hayupo, kwa hiyo Edgar aliweka mipangilio ya aina mbili. Ya kazi ina namba za madereva wenyewe, kila kijiji na dereva wake. Ya majaribio, vijiji vyote vina namba moja, na namba hiyo ni yangu.

Bi Muzna, meseji hizo nimezijibu mpaka kidole kimekuwa na akili yake. Niko jikoni, simu inalia, MAMA ANA UCHUNGU, MOA, JIBU 1 UKIENDA, najibu moja, nageuza chapati. Niko mazoezi ya kwaya, najibu moja. Nikichelewa Edgar ananipigia, Conso jibu basi, mfumo unasubiri. Kwa hiyo nilijizoesha kujibu kabla sijasoma, na tulikuwa tukicheka, ananiambia wewe ndiye dereva hodari kuliko wote, hujawahi kumwacha mama hata mmoja.

Ijumaa ile wageni wa mradi walikuwa wanatarajiwa wiki inayofuata, wakataka ukurasa wa mbele uwe na nembo yao na picha nzuri. Asubuhi tukajaribu, nikajibu moja zangu, mchana Edgar akafunga kifurushi akakipandisha. Tuna utaratibu wetu, kifurushi kikishapanda mimi napiga simu kwa dereva mmoja, namtumia meseji ya salamu kupitia mfumo, namuuliza, imeingia? Siku hiyo sikupiga. Nilikuwa na miadi ya kupimwa gauni la harusi, mama yangu alishatangulia kwa fundi, na Edgar akasema nenda tu, hakijabadilika kitu ila picha.

Kumbe kwenye kifurushi kile aliifungia mipangilio ya majaribio.

Nilikuwa nimesimama juu ya stuli, fundi ana pini mdomoni, mama ananizunguka anaangalia mgongo, simu ikalia. MAMA ANA UCHUNGU, MOA. Nikasema moyoni, huyu Edgar hachoki, nikajibu moja, na mama akaniambia weka simu hiyo chini usimame wima, nikaiweka. Ndiyo hivyo, hakuna kingine nilichofanya.

Kule Moa alikuwa ni mama wa kweli, jina lake Mwanamisi, mkulima wa mwani, na mimi namfahamu. Tulipokwenda kuwafundisha wajawazito alikaa mbele kabisa, mikono imechanika kwa maji ya chumvi, akaniuliza, "Na kama huyo dereva hakuja, dada?" Nikamjibu mbele ya wote, "Akishajibu moja, atakuja." Siku hiyo mhudumu wa pale, anaitwa Afra, aliona maandishi ya kijani akawaambia watu wa nyumbani, "Kashajibu, aja. Mngojeni hapa hapa." Wakamtoa Mwanamisi wakamkalisha barazani juu ya mkeka, amefungwa kanga, wakangoja. Mumewe alitaka kwenda kuomba gari la mchanga lililokuwa likipakia jirani, akaambiwa usiende, dereva akija asikukose. Wakangoja, damu ikaanza, wakangoja. Mwisho mtu mmoja akapita kijiweni akamkuta dereva, Castory, anaosha pikipiki yake taratibu kama mtu asiye na shughuli, na huyo mtu akarudi na habari hiyo nyumbani, kwamba amejibu anakuja na kumbe yuko pale anasugua ringi. Walipomfuata mbio alikuja na povu kwenye matairi. Alimfikisha kituo cha afya, mtoto akatoka hai, wa kike, na Mwanamisi akafariki.

Mimi nilijua magharibi, Afra alipopiga ofisini, hakuwa anafoka, alikuwa anauliza kama mtu aliyechoka, "Dereva wenu kajibu kuwa aja, mbona hakuja?" Nikafungua mfumo nikaona kijani. Nikaangalia simu yangu nikaona moja yangu. Nikampa Edgar simu, naye akaisoma, akaifuta meseji ile kwa mkono wake, akakaa kwenye kompyuta, akafunga kifurushi kingine chenye mipangilio ya kazi, akakipandisha, akaingia kwenye seva akaondoa kila mahali ilipoandikwa namba yangu ikabaki tu kwamba dereva wa Moa alipokea. Akaniambia, sasa iko sawa, na hili tusiliseme tena.

Castory alipiga simu siku ya pili. "Dada, mie sikupata meseji. Nilikuwa hapo kijiweni kutwa, simu mfukoni, ningengoja nini?" Nikamwambia nitafuatilia. Watu wa mradi wakaiangalia simu yake, haina kitu, wakasema ameifuta. Wakamvua kizibao. Kwenye mazishi alikwenda kusaidia kubeba jeneza, ndugu mmoja wa marehemu akauondoa mkono wake kwenye mti wa jeneza, kidole kimoja kimoja, mbele ya watu, naye akabaki amesimama njiani mpaka wote walipopita. Hili nimesimuliwa na Afra. Moa hakuna anayepanda pikipiki yake, amerudi kwa mama yake Maramba, na huko nako habari imefika, mama yake akienda gulioni hasalimiwi. Madereva wengine wa Moa wamekataa kushika nafasi yake kwenye mfumo, wanasema hawataki kuja kuitwa wauaji.

Sasa mradi na wazee wa kijiji wameitisha kikao, Jumapili hii alasiri, pale Moa. Castory atasimama mbele ya familia aombe radhi, nao wamesema akiomba watamwachia Mungu, na yeye amekubali. Amekubali kuomba radhi kwa jambo asilolifanya, ili mama yake aache kutengwa. Na mimi na Edgar tumetakiwa tuwepo, na mimi ndiye nitakayesoma mbele ya watu kile mfumo ulichoandika.

Nimemwambia Edgar siwezi. Ananiambia nifikirie akina mama wengine, kwamba ikijulikana mfumo una kasoro wafadhili watafunga, na wataokufa kwa kukosa usafiri watakuwa wengi kuliko huyu mmoja, na mimi ndiye nitakayewaua. Ananiambia hakuna shahidi, meseji haipo, seva ni safi, nikisema nitaonekana nimechanganyikiwa kwa mambo ya harusi. Halafu analia, Bi Muzna, si mtu mbaya, analia kweli, anashindwa kula.

Matangazo yetu ya ndoa yamesomwa kanisani mara mbili, na Jumapili hii hii asubuhi ni ya mwisho. Padri akimaliza kusoma majina yetu anasema anayejua kizuizi chochote alete habari parokiani, na mimi niko pale kwenye kwaya na kitabu cha nyimbo, najua, na naimba. Gauni limekwisha. Mama amelitundika chumbani kwangu na kila nikifungua macho naliona.

Naomba uniambie nifanye nini. Nivunje uchumba? Au ninyamaze niolewe, nimwachie Mungu, na pengine kwa muda haya yatapoa? Nampenda Edgar. Silali. Nikisikia mlio wa simu ya mtu yeyote naikimbilia yangu kuisoma.

Ni mimi,
Mwenye Simu, Makorora

* * *

Mwanangu Mwenye Simu,

Marahaba. Barua yako sikuiweka kwenye foleni. Kuna watu hapa wamengoja zamu zao tangu mfungo uliopita, wake wa waume wasiorudi nyumbani na mawifi wasiosalimiana, nao wataniwia radhi, kwa kuwa hao wanaweza kungoja na jambo lako haliwezi.

Kabla ya lolote, kuna simu unazotakiwa kupiga, na uzipige sasa hivi, Jumamosi hii, gazeti likiwa bado mkononi. Umeniandikia mwenyewe kwamba kifurushi kikishapanda humpigia dereva mmoja kumuuliza kama meseji imeingia, na kwamba Ijumaa ile hukupiga, na yakatokea yaliyotokea. Halafu unaniambia Edgar alifunga kifurushi cha pili akiwa na hofu, akakipandisha, akasema sasa iko sawa. Nimeisoma barua yako mara tatu kutafuta mahali ulipompigia dereva hata mmoja baada ya kifurushi hicho, na sikupaona. Ala, binti. Una uhakika gani kwamba meseji za vijiji vingine haziendi pasipostahili mpaka leo? Mpigie kila dereva. Asiyepokea, mpigie mhudumu wake amfuate. Ukimaliza, ndipo uendelee kusoma.

Umemaliza? Haya.

Nianze na la kukupoza, kwa sababu liko. Wewe hukukusudia kumuua mtu. Ulizoeshwa kujibu bila kusoma, tena ukasifiwa kwa hilo, na kidole kikafanya kile kilichofundishwa. Walioweka namba yako kwenye vijiji vyote walikosea, walioacha meseji ya mchezo ifanane neno kwa neno na meseji ya roho ya mtu walikosea, na Edgar aliyefunga kifurushi bila kuangalia kilichomo alikosea, na wewe uliyekwenda kwa fundi kabla ya kupiga simu ulikosea. Hayo yote ni makosa ya kibinadamu na Mola anayajua. Kwa Ijumaa ile mimi sikuhukumu, na nimekulilia, nakwambia kweli, nikiwaza wewe juu ya hiyo stuli.

Lakini Ijumaa ile imepita. Kila siku iliyofuata si ya kidole tena. Ulipomjibu Castory kwamba utafuatilia, ulikuwa na akili zako timamu. Uliposikia kwamba kijana wa watu ameondolewa mkono kwenye jeneza, ulikuwa na akili zako timamu, ukaenda mazoezi ya kwaya. Hapo ndipo ninapokukasirikia, na naomba ukasirikiwe kidogo, utanyooka.

Umeniuliza uvunje uchumba au unyamaze. Mwanangu, umeniandikia kurasa nzima kuhusu maiti, yatima, na mtu asiye na hatia anayekwenda kupiga magoti, kisha mwishoni ukaniuliza habari za harusi. Gauni umelitaja zaidi ya yule mtoto. Hata jina lake hukuniandikia, na nadhani hukuuliza. Swali lako silo. Swali ni la Castory, na jibu lake wewe unalijua ndiyo maana ukaichana barua mara nyingi.

Nije kwa Edgar na hoja yake, maana ni hoja tamu na najua imekukaa. Anasema mkisema, akina mama watakosa usafiri. Wewe huyo huyo umeniandikia kwamba madereva wa Moa wamekataa wote kwa kuogopa kuitwa wauaji. Basi niambie, leo hii mama wa Moa akishikwa na uchungu, nani anamchukua? Hakuna. Kunyamaza kwenu ndiko kulikouzima mfumo pale Moa, na vijiji vya jirani vina masikio. Na mhudumu kama Afra, akiona kijani tena, atawaambia watu wangoje? Mimi nisingewaambia. Mkisema kwamba namba zilichanganyika, dereva atajua hakuhukumiwa kwa tabia ya mwenzake, na mhudumu atajua cha kufanya, apige simu kwa mdomo hata akiona kijani, na mume aende akaombe gari la mchanga. Hayo ndiyo yatakayookoa mtu. Edgar halindi akina mama. Analinda kazi yake, na analia kwa sababu anajua hivyo.

Pia amekwambia hakuna shahidi, nawe umekubali kama mtoto. Mama yako alikuwa wapi? Alikuwa nyuma yako anaangalia mshono. Alikuona ukijibu, tena ndiye aliyekwambia uiweke simu chini. Fundi alikuwepo na pini zake. Mwambie mama yako leo, kabla ya chai, mwambie lote kama ulivyoniambia mimi. Atapiga kelele, atalia, huenda asiseme na wewe njia nzima. Lakini atavaa kanga yake mtoke naye, kwa kuwa ndivyo mama walivyo, na wewe safari hii usiende peke yako.

Unakwenda wapi? Maramba. Usianze na wafadhili, usianze na mradi, wala usianze na padri wako. Anza na Castory, nyumbani kwa mama yake, umsalimie mama huyo shikamoo na umwombe ukae. Aliyedhulumiwa ndiye anayestahili kusikia mwanzo. Mwambie kwa mdomo wako: meseji ilikuja kwangu, moja ile niliijibu mimi, wewe hukupata kitu, na nilijua tangu siku ile. Usimweleze habari za seva na vifurushi mpaka akuulize. Usimwombe akusamehe papo hapo, usimtwishe na hilo. Akikufukuza, toka nje ukae. Akikutukana, ni haki yake. Kisha mwambie kesho asiombe radhi kwa mtu yeyote, maana mtu akishakiri kwa kinywa chake mbele ya wazee, hata ukweli ukija baadaye watu watasema mbona mwenyewe alikubali.

Ukitoka hapo, mpigie mkuu wa mradi umweleze, na mwambie asiguse kitu kwenye hiyo seva, wala Edgar asiiguse. Nimeuliza vijana wanaojua kazi hizo wakaniambia kwamba meseji ikishapita kwenye mtandao wa simu inaacha alama huko kwenye kampuni, mkono wa Edgar haufiki kule. Kwa hiyo usafi wake ni wa kujidanganya, na itakapojulikana amefuta, kosa litakuwa jingine kabisa. Tafuteni pia mwanasheria wa msaada, wapo mjini, akae nanyi kabla hamjaandika maelezo yoyote. Sikufichi, huenda mkaitwa mahali msipopapenda. Huenda kazi ikaondoka. Sina maneno ya kulipunguza hilo.

Kikao cha kesho nenda. Umetakiwa usome ulichoandika mfumo, soma. Soma neno kwa neno, dereva amepokea, anakwenda, halafu useme dereva huyo alikuwa nani. Familia itapata uchungu mpya. Mume wa Mwanamisi atajua kwamba alizuiwa kwenda kuomba lile gari kwa ajili ya mtu aliyekuwa anapimwa gauni mjini, na hilo litamkaa maisha yake yote, wala mimi na wewe hatuna dawa yake. Usijitetee. Kumbuka marehemu alikuuliza kwenye semina, na kama huyo dereva hakuja, nawe ukamjibu mbele ya wote. Waliosikia jibu lile watakuwepo.

Sasa harusi, maana najua bado unaingojea. Mimi si wa kanisani kwenu, lakini nimekaa na majirani Wakatoliki maisha yangu yote na matangazo yenu nayasikia. Padri anauliza kama kuna kizuizi. Kipo, nawe unakijua, tena ni nyinyi wawili. Leo jioni, mkirudi, pita parokiani uombe tangazo la tatu lisisomwe kesho. Sikwambii uvunje, nakwambia usimamishe. Mwambie Edgar asubuhi hii kwamba unakwenda Maramba na kwamba kwenye gari kuna nafasi yake. Usimbembeleze, usimtishe. Akipanda, huyo ni mtu aliyefanya kosa baya na anaweza kuwa mume baadaye, mambo yakitulia, kama mtakuwa mnaweza kuangaliana. Asipopanda, umeshajua utakayelala naye kitanda kimoja, na hutahitaji kuniandikia tena.

Hilo gauni lishushe, lifunike, liweke mbali na macho. Na uulize jina la mtoto.

Neno la mwisho, na hili ulipokee kama kutoka kwa mama. Majina yote nimeyabadilisha kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lako, la Edgar, la Castory, la marehemu. Majina ya vijiji sikuyabadilisha, na sikusahau. Niliwaza sana kama nina haki hiyo, na nikaona siwezi kukaa na barua yako mezani huku kijana anajiandaa kupiga magoti. Makorora gazeti hili mnalipata asubuhi. Maramba linafika mchana, kwa basi. Watu wa kule watalisoma na hawatahitaji kuambiwa ni nani.

Mwanamisi alingojeshwa barazani kwa sababu ya jibu lako. Castory usimngojeshe, wala asilisome hapa kabla hajalisikia kwako. Mwite mama yako muondoke sasa hivi.

Bi Muzna